Nyundo Chini ya Kalamu: Shule za Ufundi na Daraja za Heshima Afrika Mashariki

Makerere, iliyohesabiwa kwa vizazi kadhaa kuwa kilele cha elimu katika Afrika Mashariki, ilifunguliwa mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wavulana 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kina nasaba ya namna hiyo, kwa kuwa kilitokana na chuo cha kifalme cha ufundi kilichopewa hati mwaka 1951, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, kikaondolewa neno la ufundi katika jina lake mwaka 1961 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Mabadiliko hayo yote yalipokewa kama kupanda cheo, na ni nadra kumkuta mwandishi wa historia ya vyuo hivyo anayeuliza kwa nini safari ya kupanda ilianzia karakanani na kwa nini karakana ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuachwa nyuma.

Kuhusu hali hiyo yamezoeleka maelezo mawili. Maofisa wa kikoloni walidai kwamba kijana wa Kiafrika akishaonja kitabu hukataa kushika jembe na randa, nao viongozi wa baada ya uhuru walisema kwamba wananchi walilishwa kasumba ya kikoloni, yaani fikra zilizowafanya waidharau kazi ya mikono yao wenyewe na kuitukuza kazi ya ofisini. Ingawa wasemaji hao walipingana katika mengi, walikubaliana kumtwisha lawama mzazi. Kumbukumbu za shule zenyewe zinaonyesha jambo jingine: kwa muda wa zaidi ya karne moja wazazi waliipima shule kwa kuuliza mtoto akihitimu pale ataruhusiwa kufika wapi, na shule ya ufundi ilijengwa mara nyingi kwa makusudi ili asifike mbali.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kudai kwamba kabla ya Wazungu kila fundi aliheshimiwa. Katika miji ya pwani, ufundi ulipangwa kwa daraja zake. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika kwa kazi za ngozi na za mbao, na wachongaji wa milango wa Lamu na Unguja walijulikana kwa majina yao, kama walivyojulikana waundaji wa majahazi. Kijana alijifunza kwa uanagenzi, yaani kwa kukaa na fundi miaka kadhaa akitumwa, akitazama na kukabidhiwa kazi kidogo kidogo, na alipohitimu fundi wake alipewa kilemba, ambacho kilikuwa zawadi ya kumshukuru na pia ushahidi mbele za watu kwamba mwanafunzi ameiva. Lakini katika miji hiyohiyo, hasa katika karne ya 19, kazi nyingi za uashi, za useremala na za kubeba mizigo zilifanywa na watumwa, ambao baadhi yao walikodishwa na mabwana zao na kuwarudishia sehemu ya ujira, kiasi kwamba mtu aliyejiita mwungwana alikuwa na sababu ya kuogopa kuonekana na chokaa mikononi. Bara nako hali ilitofautiana. Miongoni mwa Wapare, ukoo wa Washana uliofua chuma uliheshimiwa kwa kuogopwa, kwa kuwa laana ya mhunzi ilidhaniwa kuwa kali kuliko ya mtu mwingine, ilhali Wamaasai waliwatenga wahunzi wao na hawakuoana nao, ingawa hawakuweza kwenda vitani bila mikuki yao. Ufundi, basi, ulikuwa na heshima, hofu au aibu kulingana na nani aliyeufanya na kwa faida ya nani. Jambo la kukumbukwa ni kwamba haukufungiwa katika shule iliyokuwa na shule nyingine juu yake.

Kufungiwa huko kuliletwa na misheni. Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofika Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1860 na kuvuka kwenda Bagamoyo mwaka 1868, walianzisha karakana za uhunzi na useremala kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na karakana hizo zilitegemewa na misheni kwa kipato na kwa ujenzi. Wamisionari wa Kianglikana, ambao mwaka 1864 walikabidhiwa watoto wao wa kwanza waliotolewa katika jahazi la watumwa, walikwenda hatua moja zaidi. Wavulana walioonekana kuwa na akili ya kitabu walipelekwa katika shule ya Kiungani, Unguja, wakafundishwa Kiingereza, dini na ualimu ili wawe walimu na makasisi, na wale walioonekana kuwa wazito darasani waliwekwa upande wa kazi, wakajifunza uashi, useremala au uchapaji. Wasichana wa shule ya misheni hiyo huko Mbweni waligawanywa kwa mtindo huohuo, kati ya wale waliotarajiwa kufundisha au kuolewa na walimu na wale walioandaliwa kufua, kushona na kupika. Wamisionari hawakukusudia kuudhalilisha ufundi, na mahubiri yao kuhusu kazi, yenye kumtaja Yesu mwana wa seremala, yalikuwa ya dhati. Hata hivyo mgawanyo wao ulifundisha somo lililoshinda mahubiri, kwa sababu mtoto yeyote aliweza kuona kwamba mtu hupelekwa karakanani baada ya kushindwa kwingine. Mpango wa kuwapa ufundi waliobaki baada ya mchujo, ambao wizara za elimu za miaka ya 1970 zilidhani ni wa kwao, tayari ulikuwa na umri wa miaka mia moja.

Wajerumani walipoitawala Tanganyika walihitaji makarani kuliko walivyohitaji waumini. Shule ya serikali ya Tanga, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilikuwa na karakana, na kiwanda chake cha uchapaji ndicho kilichotoa gazeti la Kiongozi, lakini sifa ya shule hiyo ilienezwa na wahitimu walioingia katika ofisi za serikali wakiwa makarani, wakalimani na maakida. Karani alilipwa mshahara wa mwezi, alisimama karibu na mkubwa, na barua au hesabu ya kodi ilipitia mkononi mwake kabla ya kumfikia mtu mwingine yeyote. Katika utawala ulioendeshwa kwa karatasi, aliyejua karatasi alikuwa na nguvu hata kama hakuwa na cheo, na watu wa vijijini waliomletea kuku ili shauri lao lisikilizwe hawakuhitaji kuelezwa thamani ya kalamu.

Kenya ndiko ambako sera ya ufundi ilichorwa kwa uwazi zaidi, na ndiyo sababu inastahili kutazamwa kwa kirefu. Reli ya Uganda, iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, ilileta zaidi ya vibarua 30,000 kutoka India, na pamoja nao mafundi wa Punjab, wengi wao Masingasinga ambao wenyeji waliwaita makalasinga. Baada ya reli kukamilika, uashi, useremala, uhunzi na umakanika katika koloni vilibaki mikononi mwa Wahindi kwa kiasi kikubwa, na walowezi wa Kizungu walilalamika kwamba mafundi hao walidai ujira mkubwa. Mwaka 1909 serikali ilimwalika J. Nelson Fraser, aliyekuwa ofisa wa elimu huko Bombay, ili ashauri kuhusu elimu ya koloni, na ushauri wake ulikuwa kwamba Waafrika wapewe elimu ya kazi za mikono. Misheni zilianza kupewa ruzuku kwa ajili ya vijana waliowekwa chini ya mkataba wa uanagenzi. Mpango huo uliwiana na mwelekeo uliokuwapo tayari, kwa kuwa Waskoti waliofika Kibwezi mwaka 1891 na kuhamia Kikuyu mwaka 1898 walikuwa wamejiita misheni ya kazi tangu mwanzo, na vivyo hivyo Waquaker waliofungua Kaimosi mwaka 1902.

Hoja ya kiuchumi iliyokuwa chini ya mpango huo haikufichwa: fundi Mwafrika alitakiwa kwa sababu angekuwa rahisi kuliko fundi Mhindi. Ilipofika katikati ya miaka ya 1920 serikali ilianzisha Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kituo kikubwa cha kuwafundisha vijana wa Kiafrika uashi, useremala na uhunzi, na wahitimu wake walikwenda kufanya kazi wakiwa na ujuzi uliothibitishwa. Ujuzi huo haukuondoa pengo la ujira, kwa maana katika soko la kazi la koloni mshahara ulifuata rangi kwanza na kazi baadaye, na fundi wa Kiafrika aliyejenga ukuta uleule kwa timazi ileile alilipwa chini sana ya mwenzake wa Kihindi. Zaidi ya hayo, fundi huyo alibeba kipande, yaani hati yenye alama za vidole ambayo wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kuwa nayo tangu mwaka 1920 na ambayo ilimwezesha mwajiri kumrudisha aliyeacha kazi. Mzazi aliyemwona mwanawe akitumia miaka kadhaa kujifunza, kisha akarudi na mshahara wa fundi wa daraja la chini na kipande shingoni, hakuhitaji kasumba yoyote ili aamue kwamba mdogo wake apelekwe kwingine.

Makalasinga wenyewe wanatoa ushahidi wa upande wa pili. Wengi wao walitoka katika jamii ya Ramgarhia, ambayo katika Punjab ilikuwa ya maseremala na wahunzi wa kurithi na haikuwa katika ngazi za juu za heshima. Afrika Mashariki iliwapa nafasi ya kutoka katika ajira ya reli na kufungua karakana zao, kutoka karakana na kuwa wakandarasi, na kutoka ukandarasi kuwasomesha watoto uhandisi, bila kuuonea haya ufundi uliowafikisha hapo. Nyundo ileile iliyomshusha kijana wa Kabete iliwainua wao, kwa sababu sheria za ardhi za mjini, leseni na mikopo hazikumfungia Mhindi milango kwa kiasi kilekile zilivyomfungia Mwafrika.

Katika mazingira hayo ndipo ilipofika, mwaka 1924, tume ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones na ikiwa na James Aggrey, msomi mzaliwa wa Gold Coast, miongoni mwa wajumbe wake. Tume hiyo ilileta mfano wa shule za Hampton na Tuskegee, zilizoanzishwa kusini mwa Marekani kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani, ambako kilimo, ufundi na usafi wa nyumbani viliunganishwa na elimu ya darasani. Booker T. Washington, aliyeiongoza Tuskegee tangu mwaka 1881, aliamini kwamba mtu mweusi angejipatia heshima kwa kuwa na ujuzi na mali kabla ya kudai haki za kisiasa. Kwa serikali za kikoloni imani hiyo ilikuwa na ladha ya pekee, na waraka wa sera ya elimu uliotolewa London mwaka 1925 ulisisitiza kwamba elimu ya Waafrika ilingane na mazingira yao. Maneno hayo yalikuwa na busara ndani yake, maana shule isiyojua chochote kuhusu udongo wa mahali pake ni shule yenye kasoro. Tatizo lilikuwa kwamba mazingira yaliyolengwa yalikuwa yamechorwa na serikali yenyewe, na mtoto wa mlowezi hakutakiwa kulinganisha elimu yake na mazingira yoyote.

Wakikuyu walilijibu jambo hilo kwa vitendo. Shule huru zilizoenea baada ya mgogoro wa mwaka 1929 kati ya misheni na wazazi kuhusu tohara ya wasichana zilidai Kiingereza na masomo ya darasani, na mkaguzi aliyezitembelea akitarajia bustani na karakana alisikitika. Kisa cha Peter Mbiyu Koinange kinaeleza zaidi kuliko ripoti za wakaguzi. Alipelekwa Hampton mwaka 1927, yaani katika chimbuko lenyewe la elimu ya mikono, lakini hakurudi fundi wala mkulima wa mfano. Aliendelea na masomo ya chuo kikuu huko Marekani, na mwaka 1939 akaanzisha Githunguri chuo cha walimu kilichojengwa kwa michango ya wananchi. Makerere, kwa upande wake, iliongezewa masomo ya udaktari na ualimu mapema katika miaka ya 1920, na mwaka 1937 tume ya De La Warr ilipendekeza ielekezwe kuwa chuo kikuu. Inafaa kusemwa kwamba katika hatua hiyo serikali na wazazi walikuwa wakitembea upande mmoja, ingawa kwa kasi tofauti.

Baada ya Vita Kuu ya Pili shule za ufundi zilipata miaka yao mizuri. Tanganyika ilifungua shule ya ufundi ya Ifunda mwaka 1951 na ya Moshi mwaka 1957, zote za bweni, ambazo ziliwapokea wavulana waliomaliza shule ya kati na kuwapitisha katika mafunzo ya miaka kadhaa kabla ya kuwakabidhi kwa waajiri. Mombasa, mwaka 1951, ilizinduliwa taasisi ya elimu ya Waislamu iliyochangiwa na Aga Khan na Sultani wa Zanzibar pamoja na serikali, ili vijana wa Kiislamu wa pwani, ambao wazazi wao walizihofia shule za misheni, wapate ujuzi wa mitambo na umeme. Hapa dharau iliyozoeleka haikujitokeza, na sababu yake haiko mbali: kazi za ujenzi, za bandari na za reli zilikuwa nyingi, mishahara ilipanda, na kwa watu wa pwani taasisi hiyo ilikuwa mlango uliofunguliwa mahali ambapo hapakuwa na mlango. Wakati huohuo huko bara, ripoti ya Beecher ya mwaka 1949, iliyotaka watoto wengi wa Kenya wachujwe baada ya miaka minne ya masomo, ilipingwa vikali na Waafrika, kwa sababu iliweka ukuta wazi kati ya wachache watakaoendelea na wengi watakaobaki na elimu ya jembe. Mwisho wa shule hizo mpya nao ulifuata njia ya Makerere. Ifunda na Moshi ziligeuzwa kuwa sekondari za ufundi katika miaka ya 1960, na taasisi ya Mombasa, baada ya kufunguliwa kwa watu wote mwaka 1966 na kuwa politekniki mwaka 1972, ilipandishwa kuwa chuo kikuu mwaka 2013.

Uhuru ulibadilisha lugha kabla ya kubadilisha mshahara. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotolewa na Julius Nyerere mwezi Machi 1967, ulikosoa shule iliyomwandaa kila mtoto kwa ajili ya sekondari ambayo wengi hawangeiona, ukataka shule ya msingi iwe elimu kamili na kila shule iwe na shamba au karakana yake. Uchambuzi wake ulikuwa sahihi kuliko wa tume yoyote ya kikoloni, na ulitoka kwa mtu asiyekuwa na nia ya kumzuia Mwafrika. Utekelezaji ulikwama katika mambo mawili yasiyopatana na waraka huo. La kwanza ni kwamba mtihani wa darasa la saba uliendelea kuchuja, na aliyefaulu alikwenda sekondari na hatimaye ofisini, kwenye mshahara uliomzidi mkulima mara nyingi. La pili ni dogo kwa sura lakini lilionekana kila siku: katika shule nyingi mwanafunzi aliyechelewa au aliyefanya utundu alipewa jembe akalime, kwa hiyo chombo kilichotukuzwa katika wimbo wa asubuhi kiligeuka kuwa adhabu kabla ya saa nne. Vituo vya ufundi vilivyofunguliwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya waliomaliza darasa la saba, ambako walijifunza useremala, uashi au ushonaji kwa miaka miwili, vilikosa zana na vifaa, na vikabeba doa la kuwa mahali pa waliofeli.

Mwanazuoni Philip Foster, aliyefanya utafiti nchini Ghana, alikuwa amelieleza jambo hilo mwaka 1965 katika makala iliyosomwa sana na wapangaji wa elimu barani. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanafunzi hufuata fursa zilizoko katika uchumi, si masomo anayopangiwa, na kwamba elimu ya darasani ndiyo iliyokuwa elimu ya kazi kwa maana halisi, kwa kuwa ndiyo iliyoelekeza kwenye kazi zenye malipo. Waliompinga walikuwa na la kusema, hasa kwamba soko la kazi lenyewe liliwekwa na watu na linaweza kubadilishwa na watu, lakini serikali zilizomkana katika maandishi zilimthibitisha katika viwango vya mishahara yao.

Kenya ilijaribu njia nyingine. Ripoti ya makanisa ya mwaka 1966 kuhusu hatima ya wanaomaliza shule ya msingi ilizaa politekniki za vijijini, vituo vidogo vya bei nafuu ambavyo waanzilishi wake hawakutaka vitoe vyeti, kwa matumaini kwamba kijana angejiajiri pale alipozaliwa badala ya kukimbilia Nairobi. Vijana wenyewe walidai kuandaliwa kwa majaribio ya ufundi ya serikali, na wakafanikiwa, kwa kuwa walijua kwamba mwajiri haulizi falsafa ya kituo. Katika miaka hiyohiyo wananchi wa wilaya mbalimbali walichanga fedha nyingi kwa harambee ili wajenge vyuo vya teknolojia vya baada ya sekondari, jambo ambalo halipatani na dai kwamba waliudharau ufundi. Baadhi ya vyuo hivyo, kama vile cha Kimathi huko Nyeri na kile cha Magharibi huko Kakamega, sasa ni vyuo vikuu. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliingiza masomo ya ufundi katika shule zote na kuwatwisha wazazi ujenzi wa karakana, na mengi ya masomo hayo yalipunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Muda wote huo, watu wengi zaidi walikuwa wakijifunza ufundi nje ya shule zote zilizotajwa. Katika gereji za chini ya miembe, katika mabanda ya uchomeleaji na kwa mafundi cherehani wa barazani, uanagenzi wa zamani uliendelea kwa masharti yake: kijana huletwa na mjomba au jirani, hufagia, hushika spana, hujifunza kwa kutazama, na hulipwa nauli au chakula mpaka atakapoaminiwa na mteja. Kenya iliwaita mafundi hao jua kali, na baada ya ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuonyesha uzito wao katika uchumi, serikali iliyokuwa ikiwafukuza ilianza kuwajengea mabanda huko Kamukunji katika miaka ya 1980. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 1994, iliunda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, inayopata fedha zake kutokana na tozo wanayotozwa waajiri. Miongoni mwa huduma zake ni kumpima na kumpa cheti fundi aliyejifunzia mtaani, utaratibu unaoitwa urasimishaji wa ujuzi, ambapo mtathmini humfuata makanika au mwashi mahali pa kazi, humtazama akifanya kazi aliyoifanya kwa miaka mingi, humwelekeza pale alipopungukiwa, kisha humpa karatasi inayomwezesha kuomba ajira au zabuni ambayo mikono yake peke yake haikutosha kumpatia.